Wavu wa Mama Buakham

Wewe uliye karibu na mlango, urudishie kwanza. Haya.

Jua linazama, Mama Buakham akachukua wavu wake mdogo wa kuchotea samaki mpungani, akatia ndani yai na tonge la wali wa kunata, akashika njia ya darajani. Safari ya kawaida tu. Si mnajua, mtu akipata ajali roho hushtuka, ikabaki palepale, mpaka mama mtu aende akaichote.

Na mwanawe Sengdao alikuwa ganda. Tangu ile pikapu itumbukie mtoni wakitoka harusini, hali, halali, anatazama ukuta. Kaka yake, Thongvan, ndiye aliyekufa. Wote wawili walikuwa chakari kwa pombe ya mchele.

Nani alishika usukani? Hapo ndipo nyumba ilipopasuka.

"Ni Thongvan," Mama Buakham aliwaambia polisi. "Niliwaona kwa macho yangu wakiondoka."

"Macho gani, mama?" akasema Latsami, mjane wa Thongvan. "Si ulikuwa umekumbatia chupa kama mtoto na titi? Mume wangu nilimpakia mimi, upande wa abiria, hata shingo haisimami. Unamtwika mfu kwa kuwa hana mdomo."

Tangu hapo wakawa wanapika jiko moja, hawasemeshani.

Basi, darajani Mama Buakham akachota hewa. Ilimpasa ataje jina. Lakini kulitaja la mmoja pale alipofia mwingine, ulimi ulikataa.

"Mwanangu," akanong'ona. "Twende nyumbani."

Wavu mwepesi. Akachota tena.

Vyura wakanyamaza, wote kwa mpigo. Ikaja harufu ya pombe, kama mtu anakupumulia usoni...

Wavu ukashuka.

Mzito. Kama mtoto aliyelala.

Akaufunika kwa kitambaa, akaondoka. Hugeuki nyuma, ni mwiko. Nyuma yake kisauti kikaita, "Mama..."

Akasema moyoni, hao ni mashetani wa maji, kazi yao kudanganya. Akakaza mwendo.

Nyumbani akamkung'utia Sengdao wavu kichwani, akamfunga uzi mweupe mkononi ili roho isitoke tena. Sengdao akapepesa macho.

"Nina njaa."

Mama akalia kwa furaha. Latsami akaleta kikapu cha wali. Sengdao akafinyanga tonge la kwanza. Hakula. Akaliweka kiganjani mwa Latsami.

Latsami akaketi, tonge kiganjani. Aliyekuwa akimpa tonge la kwanza kila siku ni mtu mmoja tu duniani.

"Mama," yule kijana akasema, na sauti ilikuwa nzito kuliko yake. "Mbona uliwaambia niliendesha mimi?"

Mama Buakham akaruka aukate ule uzi. Latsami akamdaka mkono.

"Ukate ubaki na ganda? Mwache. Huyu ni wangu."

"Na wangu je?"

Latsami akaukaza ule uzi kwa fundo la pili.

Wako wanaosema ni hatia tu ilimvuruga Sengdao akili, akawa anamwiga kaka yake. Labda. Mimi sikuwamo kichwani mwake.

Ila kila jioni Mama Buakham huenda na wavu darajani. Sasa anataja jina, Sengdao, Sengdao, mpaka sauti inakauka. Wavu unarudi mwepesi. Kile kisauti kilimwita mara moja tu... na yeye akakaza mwendo.