Hugues Anasema kwa Nani?

Mvua ya Kisangani haipigi hodi. Ilishuka ghafla Soko Kuu, watu wakatawanyika chini ya maturubai, na kijana mmoja mrefu, shati jeupe limemganda kifuani, akajibanza kwenye meza ya Orpha katikati ya vitenge.

"Papa, unalowesha mapagne yangu!"

"Pardon, dada. Mvua ikiisha, naenda."

"Na isipoisha?"

"Alors nakuwa mutu wa hapa hapa."

Orpha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Jina lake Hugues. Alisomea Chennai, kusini mwa India, akarudi na Kitamili chake. Sasa alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa mpunga, upande wa Mangobo. Fundi wa mashine, Murugan, alijua Kitamili tu. Maagizo ya wenye mashine yalikuja kwa Kiingereza. Wafanyakazi walisema Kingwana, Kiswahili cha huko. Hugues alisimama katikati, akiwafasiria wote.

Haikuchukua muda wakawa watu wa kupigiana simu kila jioni.

"Love, kwa Kitamili wanasema namna gani?" Orpha aliuliza siku moja.

"Inategemea, chérie. Ya mama na mutoto wake ni paasam. Ya kupenda watu wote, ni anbu. Ya wachumba, kaadhal."

"Na mutu mwenye anasema 'I love samaki'?"

"Ile hapana love. Ni tumbo tu!"

"Na ya Orpha?"

"Ile natafuta bado."

Orpha alicheka, lakini moyoni ilimuuma. Baba yake, mvuvi wa Yanonge, alikwisha kumuuliza: huyo anayekuchekesha kwenye simu ana ndugu? Atakuja lini tumjue? Orpha alitaka Hugues aende Yanonge na mjomba wake, tonton Alexis, kama wanavyofanya watu wenye nia. Kila alipoligusa jambo hilo, Hugues aliteleza kama kambale: tungoje kazi ikae sawa.

Adhuhuri moja akaamua kumpelekea chakula. Alivaa pagne ya njano iliyomkaa vizuri kiunoni, akabeba chungu cha lituma, ndizi za kupondwa, ya moto, na samaki wa kuvukiza. Alipofika kiwandani mashine ilikuwa imezimwa, na sauti ya Hugues ilipenya kwenye ukuta wa mbao.

"Ndugu zangu, mi iko na bibi. Mutoto wetu anaanza kutembea, na mi siyamuona. Ninawapenda sana. Mwezi inakuya ninarudia kwao."

Orpha alimwachia mlinzi chungu, akapanda toleka, akalia juu ya baiskeli ile mpaka sokoni. Hugues alipiga simu, Orpha akaikata. Alipopiga tena, Orpha akaizima kabisa.

"Achana naye," alisema Clémence, muuzaji wa meza ya jirani. "Wenye kusoma mbali wanaachaka bibi kule."

Siku chache baadaye Hugues alitokea sokoni, macho mekundu, pamoja na Mhindi mfupi mwenye masharubu. Orpha angemfukuza Hugues, lakini mteja hafukuzwi. Mhindi alionyesha kitenge cha kijani, akasema neno. Hugues akasema:

"Natafuta pagne ya bibi yangu."

"Hata haya hauna!" Orpha alilipuka. "Unamununulia bibi yako kwa meza yangu?"

Yule Mhindi, fundi Murugan, alishtuka. Akatoa simu yake yenye picha ya mwanamke mwenye maua nyweleni, mtoto mapajani, akaongea taratibu.

"Huyu njo bibi yangu," Hugues alifasiri. "Mutoto anaanza kutembea, na mi siyamuona."

Maneno yale yale. Lakini safari hii Orpha aliona midomo ya Murugan ikitangulia, na macho yaliyojaa machozi yalikuwa ya Murugan.

"Hugues. Siku ile mu kiwanda, ilikuwa maneno ya nani?"

"Yake. Alikuwa anaaga wafanyakazi. Kazi yetu iko vile: mwenye kufasiri anasema 'mi', hapana 'yeye'." Hapo akaelewa. "Ulikuwa pale! Njo maana uliacha chungu."

Aibu na furaha vilimpanda Orpha pamoja, lakini hakumwachilia. "Bon. Ya Murugan umesema. Ya kwako hausemake."

Murugan akamgusa Hugues bega, akasema jambo refu. Hugues aliinamisha kichwa.

"Fasiri!" Orpha akaamuru.

"Anasema: mi nikirudia India, utajificha nyuma ya nani?"

Wanawake wa meza zote wakaangua kicheko. Hugues hakucheka.

"Naogopa, Orpha. Murugan akienda, kazi inaisha. Mutu bila kazi anaingia namna gani kwa baba yako?"

"Anaingia na mulango. Na tonton yake."

"Alors Jumapili nakuya na tonton Alexis. Nakupenda, chérie. Nataka ukuwe bibi yangu."

"Kwa Kitamili?"

"Kwa Kingwana. Njo baba yako anasikia."

Orpha alichukua simu, akampigia mama yake.

"Mama, umwambie papa Jumapili asiende kuvua. Kuna mutu anakuya na tonton yake."

"Mutu gani?"

Akamtazama Hugues, aliyekuwa akijifuta jasho na kitenge kipya cha kuuzwa. Hakumkataza.

"Wangu, mama."