Safu za Mama Yake Hapisat

Kila asubuhi Hapisat alichota maji, akawasha jiko la kuni, akamwandalia bibi yake chai, mkate na jibini. Kisha wote wawili waliketi mbele ya kitanda cha mfumi na kuanza kufuma. Kijiji chetu kiko juu sana katika milima ya Dagestani, na upepo wake si wa mchezo. Mwaka mmoja ulinivua kofia Jumatatu, ukanirudishia Alhamisi ikiwa safi kuliko ilivyoondoka. Lakini nyumbani kwa Bi Kistaman, jirani yangu, hakuna aliyecheka majira hayo. Binti yake, ambaye ndiye mama yake Hapisat, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Zulia alilokuwa akilifuma lilikuwa limebaki kidogo tu kumalizika, na bibi alikuwa ameahidi kulitandika msikitini siku ya arobaini.

Bi Kistaman alikuwa haoni tena, lakini michoro yote ilikuwa kichwani mwake. Alimpa mjukuu wake donge la uzi, kisha akamtajia idadi ya nyuzi za kupita.

"Huu mweusi. Mitlgo," alisema.

"Ndiyo, bibi."

Hapisat hakujua mitlgo ni ngapi. Alilelewa mjini Mahachkala, akajifunza hesabu shuleni kwa Kirusi. Kiavar, lugha ya bibi yake, alikijua cha jikoni tu: lete chumvi, funga mlango. Akihesabu, alifika tso, kigo, labgo, unkgo, yaani moja hadi nne, na baada ya hapo ni giza. Aliona haya kusema. Msichana wa miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani kwa hisabati, ashindwe na tano? Basi akawa anakisia, huku anaongeza uzi na huku anapunguza.

Siku ya nne ya kufuma alikuja binamu yake, Hurizada, kuleta maziwa. Akalitazama zulia.

"Hiki ni nini?"

"Ua."

"Ua? Mimi naona mbuzi aliyekanyagwa na trekta."

"Nyamaza, bibi atasikia."

Bibi alikuwa amekwisha kusikia. Akapitisha vidole juu ya safu mpya, polepole, akarudia. "Hapa palitakiwa nane," alisema. "Nilikutajia ngapi, mwanangu?"

Hapisat akatazama chini.

"Basi ni mimi. Macho yalitangulia, sasa kichwa kinafuata." Akaondoa mikono yake juu ya zulia. "Hurizada, mwambie imamu asilisubiri zulia. Hata ua la marehemu mwanangu silikumbuki."

Nje, Hurizada alinong'ona, "Mwache aamini hivyo. Mzee ni mzee, na wewe umesalimika."

Lakini mchana ule bibi aliuliza mara tatu leo ni siku gani. Alionja supu, akauliza kama kweli ametia chumvi, akaonja tena. Alishika ukuta kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapisat akaweka kijiko chini.

"Bibi, kichwa chako ni kizima," alisema. "Mimi ndiye sijui mitlgo ni ngapi. Zote baada ya nne sizijui. Nilikuwa nakisia."

Bibi akamgeuzia uso.

"Siku nne unaniitikia ndiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Lete mikono."

Akamfundisha kidole kwa kidole. Vidole vya mikono vilipokwisha, akamwambia avue soksi.

"Baridi, bibi."

"Ulipokuwa unanidanganya hukusikia baridi. Vua. Vyote vikiisha ni kogo, ishirini. Mtu mzima mmoja. Arobaini ni watu wawili."

Sisi Waavar ndivyo tunavyohesabu, kwa ishirini ishirini. Babu yangu alipoteza kidole kimoja cha mguu kwenye theluji, na tangu siku hiyo kila ishirini yake ya kondoo ilikuwa na kumi na tisa.

Hapisat alizifumua safu zake zote mwenyewe, huku machozi yakimdondoka kwenye sufu. Wakaanza upya. Sasa bibi alipotaja idadi, Hapisat alihesabu kila uzi kwa sauti, na alipokwama alisema nimekwama. Siku ya thelathini na tisa tangu msiba wakakata nyuzi.

"Nihesabie safu za maua za mama yako," bibi alisema. "Nataka kujua alifika wapi."

Hapisat akaweka kidole kwenye ua la chini kabisa, akahesabu kwa Kiavar. Alifika kogo, akaendelea. Kwenye ishirini na saba, uzi mweusi uliosokotwa na mama yake ulikoma. Naye akaacha kuhesabu.

"Hapo?"

"Hapo, bibi."

Bi Kistaman akapapasa mahali kile kidole kilipokuwa, akakishika. "Kutojua hakukutuharibia kitu, mwanangu," alisema. "Kilichotuharibia ni kuitikia usichokijua, mpaka mimi nikajiona nimerukwa na akili. Usipojua, sema sijui, hata sauti ikitetemeka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa hesabu zako."

Hapisat akafuta pua kwa mkono, akapanda na kidole safu moja moja hadi ukingoni.

"Antlgo," alisema. "Saba."

"Saba," bibi akasema, na hakuzipapasa kuhakikisha.