Mwanamke Asiyekuwepo

Jumamosi soko lilikuwa limefurika, na fundi wa vioo alikuwa akipenya kwenye msongamano na kioo kirefu cha kabati mgongoni, akipaza sauti: "Kioo kinapita! Ukikivunja umekinunua!" Mara akahisi mzigo umeshikwa kwa nyuma.

"Simama kidogo, baba, nijitazame," sauti ya mwanamke ikasema.

Akasimama. Watu walimpita huku wakicheka, naye jasho lilimtiririka shingoni.

"Umemaliza, mama?"

"Bado mdomo."

"Kioo hiki kina mwenyewe."

"Na huyo mwenyewe hatajua. Sura yangu haibaki humo."

Alipogeuka, alimkuta mwanamke wa makamo mwenye gauni la kijani kibichi, kitambaa cha kichwa kimefungwa upya kwa madaha, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa mshona mapazia. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, mtaa huohuo. Alikuwa ameachika zamani, na mwanawe wa pekee alishaoa akahama.

"Kumbe wewe kazi yako kuonyesha, mimi kazi yangu kuficha," mama yule alisema. "Tukifungua duka moja tutagombana."

"Tutagombana lini?" fundi akauliza, na kabla hajaondoka alikuwa na namba ya simu.

Fundi alikuwa na miaka hamsini na sita. Wenzake walimwita Winchi, maana kioo cha kubebwa na wawili alikinyanyua peke yake. Mkewe alifariki miaka mingi nyuma, na tangu hapo aliishi na redio, birika na simu za binti yake aliyeolewa mji mwingine. Sasa ghafla simu ikawa hailali.

"Winchi wangu, umekula?"

"Nimekula. Ila sauti yako sijashiba."

"Mwongo mkubwa wewe. Haya, kata simu."

"Kata wewe."

"Nakuhesabia mpaka tatu."

Wakacheka kama wanafunzi, watu wazima wale. Na si simu tu. Mwili ambao fundi alidhani ameuzika pamoja na marehemu uliamka, ukadai haki zake bila aibu. Wakakubaliana kwamba mvua zikiisha wataoana.

Mvua hazijaisha, mgongo ukaanza kumuuma. Akajipaka dawa ya kuchua, akalaumu vioo. Kisha mkojo ukawa wa kubembeleza. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha za mifupa, na daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akamkalisha.

"Ni saratani ya tezi dume, mzee wangu, na imeshafika mifupani. Kuing'oa hatuwezi. Tunaweza kuinyima chakula. Chakula chake ni homoni ya kiume, na hiyo hutengenezwa kwenye korodani."

"Kwa hiyo?"

"Kuna sindano za kuizima, za kuchomwa maisha yote, na mara nyingine zinakosekana. Au tunaziondoa korodani, mara moja, basi."

Fundi alitazama mikono yake. "Nitakuwa nani baada ya hapo?"

"Utakuwa hai," daktari alisema.

Akachagua kisu. Aliyejua ni binti yake tu, aliyekuja kumuuguza. Kwa mpenzi wake alisema kwa simu, "Ni ngiri, mama. Kitu kidogo. Usijisumbue kuja."

"Kidogo kwako. Mimi roho haitulii."

"Tulia. Winchi haivunjiki."

Baada ya upasuaji maumivu ya mgongo yalipungua haraka mno hata akadhani amemshinda shetani. Kisha yakaanza mengine. Kwanza joto. Lilipanda kifuani bila hodi, likamwasha uso, likamlowesha shati, likaondoka na kumwacha akitetemeka kwa baridi. Hata asubuhi za mvua alifungua madirisha yote. Kisha uchovu wa kukaa kwenye mifupa. Kazini alijaribu kunyanyua kioo alichozoea, mikono ikakataa. Mwenzake akakidaka kikiwa kinaanguka, akasema kwa upole, "Pumzika, mzee," na upole ule ukamuuma kuliko tusi. Tumbo likanona, mapaja yakakonda. Kifua kikawa laini na chepesi kuuma, hata mkanda wa ovaroli ulimchoma. Ndevu zikawa hazina haraka. Na machozi! Redioni ilipotangazwa kwamba mtoto aliyepotea amepatikana, fundi alilia mpaka chai ikapoa.

Lakini kilichomtisha zaidi ni ukimya. Alitegemea kuteswa na hamu asiyoweza kuitimiza. Kumbe hamu yenyewe iliondoka. Mshona mapazia alipopita mbele yake akitikisika, alimwona mzuri, kama mtu aliyeshiba anavyoona chakula kizuri. Usiku na mchana neno moja lilimzunguka kichwani, neno la zizini, la fahali aliyehasiwa: maksai.

Akaanza kukwepa. Leo kazi nyingi, kesho mgongo, keshokutwa simu haina chaji.

Jumapili moja mchana mwanamke alikuja bila taarifa, amevaa gauni jipya rangi ya zambarau, amejipulizia manukato ambayo fundi aliwahi kuyasifu. Akakaa karibu naye, akamshika shingo. Fundi alihisi joto linapanda, akasimama ghafla, akaenda dirishani.

"Nina harufu mbaya?" mwanamke aliuliza kwa utani, lakini macho hayakucheka.

"Hapana."

"Miezi mitatu hunigusi. Nikija unanipa kiti kama mgeni. Niambie tu, mimi si mtoto. Kuna mwanamke?"

Kichwani mwa fundi mlango mmoja ulifunguka, wenye aibu ndogo kuliko ule mwingine. Mhuni ni mwanamume bado.

"Yupo," alisema.

Mwanamke alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Ananishinda nini?"

"Hakushindi chochote."

"Basi una laana," alisema, akaenda zake. Fundi alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikasimama katikati, kisha vikaendelea.

Binti yake alipopata habari alipiga simu kwa hasira. "Baba, kwa nini? Si ungemwambia ukweli? Mficha uchi hazai..." Akakoma ghafla, baada ya kusikia alichokisema. "Samahani, baba."

"Si kosa lako, mwanangu. Methali haikujua."

Wiki zikapita. Fundi alikula alichopata na kulala alipochoka. Asubuhi moja, mvua ya rasharasha ikiwa nje, joto lilimkamata akivaa. Alivua shati, akafungua dirisha, akasimama akijipepea kwa kipande cha boksi. Mlango ulikuwa wazi. Mshona mapazia aliingia na mfuko wenye koti la fundi na ufunguo aliowahi kumpa.

"Nimekuletea vitu vyako, umpe huyo..."

Alimwona jinsi alivyo: kifua kilichojaa kama cha msichana anayebaleghe, ngozi iliyowaka kwa joto, jasho likidondoka kidevuni, na nje baridi. Fundi akajifunika kwa boksi lile.

"Toka," alisema.

Hakutoka. Aliweka mfuko chini, akamsogelea, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja. "Linaanzia hapa kifuani, linapanda, halafu unaona kama utakufa?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Halafu baridi."

"Ndiyo."

"Hili joto nalijua. Mimi mwaka wa pili huu nawaka, tangu siku zangu zikome. Lakini mimi ni mwanamke. Wewe, baba, wamekufanya nini?"

Hapo maneno yakatoka. Akaeleza yote, amempa mgongo, akiongea na mvua: mifupa, daktari, kisu, neno lile la zizini. Alipomaliza alisubiri kusikia viatu vikishuka ngazi.

Alichosikia ni kilio. Kisha ngumi zikamwangukia mgongoni, si nzito, moja baada ya nyingine.

"Umenifanya nimchukie mwanamke asiyekuwepo! Nimemvika nguo, nimempa umri, nimempa na meno meupe! Njiani nilikuwa natazama kila mwenye kiuno chembamba nasema ni huyu! Nimejitazama uchi nikajihesabia kasoro, kumbe wewe..."

"Nilidhani nakulinda."

"Ulijilinda wewe."

Mwanamke alifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akaondoka, na ufunguo akauacha palepale.

Jioni simu iliita.

"Umekula?"

"Bado."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

"Sikudanganyi, Winchi. Nitaukumbuka ule mwili wako. Nimeulilia tangu asubuhi kama msiba. Lakini nimekaa hapa na cherehani yangu, ninayetaka kumsimulia msiba huo ni wewe." Akavuta kamasi za kilio. "Sasa nifanyeje?"

"Nisimulie," fundi alisema.

Akamsimulia, mpaka simu zao zote mbili zikaisha chaji.

Alianza kuja tena, kwanza kwa dakika, baadaye kwa siku nzima. Palikuwa na siku ngumu: siku mwanamke alipomgusa kwa mazoea ya zamani na mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda, siku fundi alipogomba kwa sababu ya kijiko, kisha akalia kwa sababu amegomba. Palikuwa na siku joto liliwakamata wote wawili mara moja, wakakaa sakafuni kwenye ubaridi, wakigombea boksi moja, wakicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya kliniki alimsindikiza. Nesi akamzuia mlangoni.

"Ndugu tu, mama. Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Fundi akamgeukia. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Una pingamizi?"

"Sina."

"Basi sogea tuingie."

Ndani daktari hakuzunguka. Kipimo cha damu kilichokuwa kimeshuka kilikuwa kimeanza kupanda. Saratani ilikuwa imejifunza kuishi na njaa. Zipo dawa nyingine, alisema, zitanunua muda. Muda gani, hakutaka kuahidi. Mshona mapazia aliuliza maswali yote, fundi hakuuliza hata moja.

Walifunga ndoa Ijumaa iliyofuata, ofisini kwa msajili wa ndoa, mashahidi wakiwa binti yake na mwana wa bibi harusi. Bwana harusi aliketi kwa sababu mgongo ulikuwa umerudi. Mchana, nyumbani, wageni walipoondoka, walijilaza juu ya kitanda na nguo zao za harusi, vidole vimeshikana, wakisikiliza majirani wakipiga soga nje.

"Unajuta?" fundi aliuliza.

Mwanamke alifikiri kwanza.

"Siku nyingine, ndiyo," alisema. "Leo hapana."

Fundi alifumba macho. Kwake lilikuwa jibu kubwa kuliko alilotegemea, akaona asiulize tena.