Filimbi ya Askari wa Soko

Kila Jumamosi Chiriku alimlea mdogo wake, Kifaranga, huku mama yao akiuza nyanya sokoni. Jina la Chiriku alilipata kwa domo lake, maana alianza kusema kabla jua halijachomoza. Lakini akimwona askari, hata mlinzi wa getini, ulimi ulimkwama. Tangu udogoni, kila alipolia, mama alimwambia, "Nyamaza! Askari huyo anakuja kukuchukua!"

Asubuhi hiyo Kifaranga alilia akitaka kubebwa. Chiriku alikuwa amechoka, basi akamnong'oneza maneno yaleyale. Mtoto akanyamaza kimya. Chiriku akafurahi, akainama kumpangia mama nyanya. Alipoinuka, Kifaranga hayupo.

Alimtafuta chini ya meza na nyuma ya magunia, roho mkononi. Mwishowe akamwona. Amejikunyata chini ya lori la viazi, nyuma ya gurudumu, macho kwa askari wa soko aliyesimama ng'ambo.

"Toka huko!"

Kifaranga akatikisa kichwa. "Askari atanichukua."

Injini ikanguruma. Chiriku akapiga kelele, lakini dereva alikuwa amefunga vioo. Aliyekuwa na filimbi ni mmoja tu, yule askari.

Miguu ilitaka kukimbia upande mwingine. Chiriku aliogopa mpaka machozi yakamtoka, lakini alimkimbilia, akamkamata mkono. "Afande! Mdogo wangu yuko chini ya lori!"

Filimbi ikalia. Lori likastuka, likasimama, injini ikazimwa. Kifaranga akazidi kujificha.

Chiriku akapiga magoti, mkono wa askari bado ameushika. "Tazama, nimemshika na hajanichukua. Nilikudanganya, mdogo wangu. Nisamehe."

Kifaranga akatambaa nje taratibu. Mama akafika mbio, akamkumbatia huku akilia.

Askari akafuta jasho. "Mama, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimtisha kwa mtu wa kumsaidia, siku ya hatari atamkimbilia nani?"

"Kweli, kaka. Uongo huu niliuanza mimi," mama akasema, kisha akawageukia watoto. "Wanangu, msimwogope mtu kwa sababu ya nguo zake. Mtazameni matendo yake."

Ulimi wa Chiriku ulikuwa umeshamrudia. Alimuuliza askari maswali mfululizo, mpaka askari mwenyewe akaanza kutafuta pa kukimbilia.