Kicheko cha Meza ya Dirishani

"Rudisha hapo, Mama Mansi! Rudisha kidogo tu!"

Madhuri, mwenye duka la redio na kanda mjini Thika, ambaye wateja wote walimwita kwa jina la bintiye, alibonyeza kitufe bila haraka. Kanda ikalia kama panya, ikasimama, ikaanza tena. Gitaa la Kagwe Stima likapanda, likapanda, kisha likatoa mlio mmoja uliopinda, mlio usiofanana na wimbo wala na kitu kingine chochote. Na hapo hapo, juu ya mlio ule, mwanamke akaangua kicheko.

"Mmesikia?" Salim, muuza magodoro kutoka Ruiru, akapiga kaunta kwa kiganja. "Mlio wa maana kuliko yote aliyopiga huyu mtu, na yule mama anaukanyaga!"

"Maana gani, mzee?" Ephantus, kijana wa kiwanda cha nguo, alikuwa akimenya njugu. "Hapo Kagwe alikosea. Kidole kiliteleza, basi."

"Kiliteleza? Sehemu ya Kwanza mlio uko. Sehemu ya Pili uko, mahali pale pale. Mtu huteleza mahali pamoja kila wiki? Hayo ni makusudi, kijana. Hiyo ni elimu."

"Elimu ya kuchapa nje ya wimbo?"

"Wewe ulikuwa bado unanyonya wakati huo. Nyamaza."

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyokwenda dukani kwa Madhuri mwaka ule wa tisini na sita. Kagwe Stima, mpiga gitaa wa muziki wa rock, alikuwa amestaafu zamani na kurudi kwao Murang'a kufuga ng'ombe. Lakini miaka ya sabini alikuwa akipiga muziki wa bugi kila Jumapili mchana katika hoteli ya pale kwenye maporomoko ya Chania, na Uday, marehemu mume wa Madhuri, alikuwa akimrekodi. Uday alipofariki, Madhuri alizikuta zile rekodi juu ya kabati, akaenda Murang'a kuelewana na mzee, akaanza kuzitoa kanda moja moja. Mashabiki wakafufuka. Walikuja dukani kusikiliza, kubishana, na mara chache kununua.

Mlangoni alisimama Mwanamisi, fundi cherehani kutoka Ruiru, amekumbatia mapazia aliyomshonea Madhuri. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, na mchumba wa Salim. Ndoa yao ilikuwa baada ya wiki tatu. Hakuwahi kuja dukani siku ya kanda, kwa kuwa Salim alimwambia ni mambo ya wanaume na Benta.

Kile kicheko kilikuwa chake.

"Mimi naona alikuwa amelewa," alisema huyo Benta, mwenye saluni kule Witeithie.

"Angalau mlevi ana sababu," Salim akajibu. "Huyo alikuwa malaya wa bendi. Mwanamke wa heshima hacheki hivyo mbele za watu."

"Mzee, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Unajua ni mama wa nani?"

"Awe mama wa nani! Mama Mansi, Sehemu ya Tatu inatoka lini?"

"Jumamosi ijayo. Nitaicheza hapa kwanza."

"Basi hicho kicheko ukikate. Tunataka tuusikie ule mlio ukiwa peke yake."

Madhuri alikuwa akimtazama Mwanamisi, namna mapazia yalivyokuwa yakimponyoka mikononi.

Yule malaya wa bendi, siku kanda ile iliporekodiwa, alikuwa na miaka kumi na tisa, chupa moja ya soda na sinia tupu. Shangazi yake alikuwa akiwauzia hoteli sambusa, na Mwanamisi ndiye aliyekuwa akizipeleka. Akishazifikisha jikoni, aliketi kwenye meza ya dirishani kusubiri sinia, na akiwa pale alisikiliza muziki. Dhambi zake zote ziliishia hapo.

* * *

Jumatatu, jirani mwenye duka la dawa alimwita Mwanamisi kwenye simu.

"Mwanamisi, sasa? Ni mimi. Wale wa maturubai wamekubali."

"Sawa, Salim."

"Mbona sauti iko chini?"

"Nilikuwa nafikiria ile kanda yenu. Yule mama wa kucheka."

"Ah! Usinikumbushe."

"Ungekutana naye leo, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia anilipe ile raha aliyoniharibia." Salim akajichekea kidogo, kwa pua, kama kawaida yake.

"Na kama mkeo angekuwa anacheka hivyo?"

"Mke wangu? Mke wangu ni wewe, na wewe huna kelele. Unajua ndiyo maana nilikupenda? Nilikuona kwenye matanga ya dada yangu, umetulia tuli. Nikasema, huyu ndiye."

"Kwenye matanga kila mtu hutulia, Salim."

"Si kama wewe."

Aliweka simu chini, akamshukuru mwenye duka, akarudi kwenye cherehani yake asishone kitu. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu Salim alikuwa amekusudia kumsifu. Na zaidi ya hapo, alikuwa ameshayasikia maneno hayo. Tahir, mumewe wa kwanza, hakuwa mtu mbaya: hakupiga, hakulewa, hakulala nje. Wiki ya kwanza ya ndoa alimwambia tu, kwa upole, kwamba kicheko cha mke hakivuki mlango. Mwanamisi akakipunguza kidogo. Kisha akakipunguza tena, mpaka siku moja alipokitafuta akakikosa. Tahir alikufa na kumwachia nyumba tulivu sana.

Jioni alienda kwenye kibanda cha simu akampigia Madhuri.

"Mama Mansi, nina ombi."

"Najua ombi lako. Nilikutambua pale mlangoni. Hata mapazia uliyatundika bila kuniangalia."

"Kumbe ulikuwa ukija hotelini?"

"Mimi ndiye nilikuwa nashikilia waya za Uday! Kagwe mwenyewe alimwambia aweke maikrofoni moja dirishani. Alisema hapo ndipo anapojua kama shoo imewaka."

"Mimi nilidhani hawanioni."

"Hoteli nzima ilikuwa ikikusikia, dada."

Mwanamisi alitia shilingi nyingine. "Basi usikikate. Hata wakipiga kelele."

"Kwa Sehemu ya Tatu, hakuna cha kukata. Wewe njoo usikilize."

* * *

Jumamosi duka lilijaa. Salim alishangaa kumwona mchumba wake, lakini akampisha kiti na kumnong'oneza, "Leo utajua kwa nini nampenda huyu mtu."

Kanda ikaanza. Makofi. Glasi zikigongana. Nyuma ya yote, maporomoko yakinguruma taratibu. Kisha sauti ya Kagwe Stima, sauti ya kijana, ikasema karibu na maikrofoni:

"Habari za Jumapili, watu wangu. Yule dada wa sambusa amefika?"

Mtu akajibu kitu kwa mbali.

"Yule wa dirishani. Yule wa kucheka. Bado? Basi tungoje kidogo."

Wakangoja. Kanda iliendelea kuzunguka bila muziki: kiti kikaburutwa, mtu akakohoa, maji yakaanguka. Dukani hakuna aliyemenya njugu.

"Ngai," alinong'ona Ephantus. "Bendi nzima inangoja mtu mmoja?"

"Haya," ikasema ile sauti hatimaye, chini zaidi. "Tupige tu."

Wakapiga. Walipiga vizuri, kila mtu mahali pake, wala hakuna aliyecheka. Salim alifumba macho, akainua kidole ulipokaribia ule mlio wa gitaa aliokuwa akiungoja miezi yote. Gitaa likapanda, likapanda, likashuka salama salimini. Ule mlio haukuwepo.

Salim akafumbua macho. "Rudisha."

Madhuri akarudisha. Gitaa likapita pale pale, laini, kama gari kwenye lami mpya.

"Si nilisema?" Ephantus akaruka. "Siku hiyo hakuteleza! Mzee, elimu yako imekwenda wapi?"

Kwa mtu aliyekuwa amepata alichokiomba, Salim alionekana kama aliyeibiwa.

"Imepoa," alisema Benta. "Hii kanda yote imepoa. Hebu semeni ukweli, huyo mama anakosekana. Kwani alienda wapi?"

"Aliolewa," alisema Mwanamisi.

Vichwa vyote vikageuka.

"Jumapili hiyo hiyo, Ruiru. Wakati wao wanangoja hapo, yeye alikuwa anapakwa hina." Alisimama. Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko wengine. "Hakuwa mlevi, Benta. Alikuwa anakunywa soda. Na Salim, malaya wako wa bendi ni mimi."

"Mwanamisi..."

"Uliniambia ulinipenda kwa sababu sina kelele. Nilikuwa nazo. Nilizitoa zote kwa mume mmoja, na sina nyingine za kutoa kwa wa pili. Posa yako nitairudisha."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata, na Madhuri akaizima redio.

"Mdomo uliponza kichwa," Ephantus alisema, lakini si kwa kejeli.

* * *

Wiki ikapita bila simu. Mwanamisi alilikunja gauni la harusi alilokuwa amelianza, akalitia kwenye mfuko, akashona sare za shule. Alilia mara moja, usiku mmoja, kisha akajikasirikia, kwa kuwa alikuwa akimpenda yule mtu na majivuno yake na kanda zake.

Ijumaa baada ya swala, kivuli kikaziba mlango wa kibanda chake.

"Hodi."

"Ingia, Salim. Posa iko kwenye mfuko huo."

"Sikuja kwa posa." Alibaki amesimama, kofia mkononi. "Nilisema neno chafu mbele za watu. Mbele ya watu hao hao nimekwenda kulifuta, muulize Ephantus. Na wewe naomba uniwie radhi."

"Radhi nimekupa. Ndoa ni jambo lingine."

"Ni kweli." Akaizungusha kofia. "Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Nani alikuwa anakuchekesha?"

"Kagwe."

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Hakuwahi kuniambia hata habari yako. Ni ule mlio wenu. Kila Jumapili alikuwa anaukosea pale pale, halafu anageuka kumkodolea macho mpiga ngoma, kana kwamba ni yeye ndiye amekosea! Na mpiga ngoma, maskini, anaangalia vijiti vyake. Kwenye kanda hamwezi kuona hayo. Nyinyi mnasikia tu."

Salim alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Ule mlio," alisema polepole. "Nimegombana na Ephantus mwaka mzima kwa ajili ya ule mlio. Ulikuwa mzaha?"

"Ulikuwa kosa, Salim."

"Hapana. Ngoja. Sehemu ya Kwanza ulikuwepo, akakosea. Ya Pili ulikuwepo, akakosea. Ya Tatu hukuja, akapiga sawasawa. Mtu gani anateleza Jumapili zote isipokuwa ile moja ambayo hukuja?"

Mwanamisi akaacha mkasi hewani. Miaka yote ile hakuwahi kuliwaza jambo hilo.

"Alikuwa anakuchekesha," alisema Salim. "Makusudi, kama nilivyosema. Ila nilikosa kujua ni ya nini. Nilitaka wakukate wewe, ubaki mlio, na mlio wenyewe ulikuwa wako."

Nje, mwenye duka la dawa alikuwa akifagia.

"Alikodoa macho vipi?" Salim akauliza ghafla.

"Nini?"

"Nionyeshe. Au ngoja."

Mzee mzima, muuza magodoro anayeheshimika Ruiru yote, akainuka, akachukua rula ya ubao, akaivaa kifuani kama gitaa. Akapandisha sauti puani, akapandisha, shingo ikamvimba, kisha akatoa mlio mmoja wa kutisha, "Nyaaaung!" Akasimama kimya. Akageuka polepole, akaikodolea macho cherehani kwa hasira kama aliyesingiziwa mbele ya chifu.

Kilimtoka Mwanamisi kabla hajajua kinatoka. Kilianzia tumboni, kikavunja kifua, kikapita mlangoni na kuvuka barabara, mpaka mwenye duka la dawa akaegemeza ufagio wake. Alijishika mbavu. Alijaribu kunyamaza, akaitazama cherehani, kikamshinda tena. Machozi yalimtiririka na hakujua ni ya furaha au ni ya miaka ile yote.

Salim alikuwa hajaweka rula chini. Kicheko kile alikijua kwa moyo, kila pumzi yake, ila hakuwa amewahi kukisikia.

"Kumbe ni wewe kweli," alisema.

"Ni mimi."

"Kinavuka mlango."

"Kinavuka. Ukitaka mwingine wa kutulia, nenda kwenye matanga."

"Sitaki mwingine," alisema Salim. "Nifundishe pale kwa mpiga ngoma. Nadhani sijapapata vizuri."

* * *

Ndoa ilifungwa siku ile ile iliyopangwa. Wanaume walikaa sebuleni, bwana harusi mbele ya sheikh, Ephantus nyuma yake na suti ya kuazima. Wanawake walikuwa chumba cha pili, ambako Mwanamisi alikuwa ameshatoa idhini yake. Madhuri alikaa karibu na dirisha, Benta karibu na bibi harusi.

"Bwana Salim," alisema sheikh, "tuko tayari?"

"Tungoje kidogo, sheikh."

"Tungoje nini? Mashahidi wapo, walii wa bibi harusi yupo, mahari yameshakubaliwa."

"Kidogo tu."

Wazee wakatazamana. Mtu akakohoa, kiti kikaburutwa. Salim alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza ukuta.

Chumba cha pili, Benta alimwinamia Mwanamisi akamnong'oneza jambo kuhusu suti ya Ephantus. Na kupitia ukutani, juu ya vichwa vya wazee na juu ya heshima zao zote, kikaja kile kicheko.

Salim akanyoosha mkono wake kwa walii.

"Sasa anza, sheikh."