Mlio wa Siwa Uwanjani Mwando

Zama zile miji ya mwambao ilipokuwa na wafalme wake, mji wa Mwando ulitekwa na Tamim bin Mashaka, jemadari wa kukodiwa aliyeuma mkono uliomlisha. Mfalme Fumo Aruni akakimbilia bara. Masika yalipopita, alirejea na jeshi la mikuki na pinde, akajificha kwenye mikoche nje ya ukuta. Hakujua lango lipi lina walinzi wachache, na kushambulia kwa kubahatisha kungewamaliza watu wake. Dada yake, Mwanatumu, akasema ataingia yeye.

"Mwanamume wa ukoo wetu akionekana mle, kichwa chake kitatundikwa," alimwambia. "Mwanamke mwenye kaniki na mtungi, nani atamtazama?"

Akaingia asubuhi pamoja na wachota maji. Binti yule wa kifalme siku zote alipitishwa uwanja mkuu ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa. Hakupata kuukanyaga kwa miguu yake. Sasa aliuzunguka polepole, mtungi kichwani, mawe ya matumbawe yakimchoma nyayo. Akapita msikiti wa Ijumaa, akapita wauza ambari na vitambaa vya Kambaya, akafika mbele ya jumba la enzi. Huko walinzi wenye bunduki walikuwa wamejazana, wakitandika mazulia. Akauliza kuna nini. Mchota maji mmoja akamjibu kwa sauti ya chini kwamba Tamim anatawazwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri, na walinzi wote wameitwa uwanjani. Lango la magharibi limebaki na watu wawili.

Hapakuwa na wasaa wa kutoka kumpasha kaka yake habari na kurudi.

Kwenye baraza la jumba alikuwa ameketi Mwenyi Shekuwe, mpiga siwa wa mji, miguu yake imefungwa mnyororo. Pembe ile kuu ya ndovu ililala mapajani mwake. Mwando haukumtambua mfalme ambaye siwa haikumlilia, na mzee alikuwa amekataa katakata. Wangemkata shingo palepale uwanjani. Mwanatumu akainama kana kwamba anampa maji.

Mzee akanywa, akamtazama, akamjua.

"Ondoka, mwanangu. Mimi nimekwisha kuaga dunia."

"Kubali kupiga, babu."

"Nimpigie haramia?"

"Piga mlio wa vita. Wageni hawa wataujulia wapi?"

Shekuwe akamwita mlinzi, akasema kwamba maji yaliyofika shingoni hayana ubishi, naye atapiga.

Adhuhuri ilipopita, Tamim akaletwa amebebwa mabegani kwa machela, amevaa joho jekundu na jambia la dhahabu. Mwanatumu alikuwa keshafika lango la magharibi na wachota maji aliowanong'oneza jambo lile njiani. Walikaa chini wakijifanya wamechoka, kila mmoja na hofu yake.

Siwa ikalia. Ikalia fupi, fupi, kisha ndefu, mlio ambao kila mtoto wa Mwando alifundishwa na mama yake. Tamim akatabasamu, akainua mkono kuwapungia watu. Wauza vitambaa wakachomoa majambia yaliyofichwa chini ya majora. Wavuta mikokoteni wakawarukia wenye bunduki kabla baruti haijashika moto. Kule langoni mitungi ikapasuka vichwani mwa walinzi, na wanawake wakaliinua komeo zito kwa mabega yao. Fumo Aruni, aliyeusikia mlio tangu mikocheni, akaliona lango la magharibi likifunguka, akaingia akikimbia mbele ya watu wake.

Alasiri haijafika, Tamim alikuwa amepiga magoti uwanjani bila kilemba, na Shekuwe, mnyororo umekatwa, akimpigia mfalme halali mlio wa enzi huku machozi yakimtiririka.

Mfalme akamwuliza dada yake anataka tunzo gani. Mwanatumu akajibu kwamba waliolifungua lango wapewe kulilinda.

Wasimulizi wa Mwando walimsifu Fumo Aruni, na sifa ile ni haki yake. Lakini ufunguo wa lango la magharibi ulirithiwa na mabinti wa wachota maji, mama kwa mwana, hadi mji wenyewe ulipohamwa. Na katika umri wao wote hakuna adui aliyepita pale.