Rukia Hauzi Hisa Zake

Kila asubuhi Rukia alipaka majivu mikononi. Mafuta ya maganda ya korosho huchoma ngozi. Kisha aliketi na wenzake kwenye mashine za kubangulia, kiwandani Chikongola.

Siku moja mwaka 2007 walikuta kiwanda kitupu. Mkurugenzi, Bwana Hashimu, alikuwa amemuuzia shemeji yake mashine zote kwa bei ya kutupa.

"Huo ni wizi!" Rukia alifoka. "Mimi nina hisa!"

Hashimu akacheka. "Hisa zako, mama, ziko Kampuni ya Wakulima. Kiwanda ni kampuni nyingine. Huku huna kauli."

Kweli, Kampuni ya Wakulima ndiyo iliyomiliki kiwanda. Lakini kampuni zote mbili ziliongozwa na Hashimu huyo huyo. Nani angemshtaki? Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Rukia alirudi nyumbani kwa hasira.

Jioni alimwendea jirani yake Felista, mwanasheria wa kituo cha msaada wa sheria.

"Mwanangu, nataka kumshtaki anirudishie changu, nijiondokee."

"Hapo utakosea, mama. Kilichoibwa ni cha kiwanda. Kampuni ya Wakulima ni kampuni mama. Kiwanda ni mtoto wake, yaani kampuni tanzu. Mtoto kaibiwa, mama kanyamaza. Wewe mwenye hisa za mama waweza kuiomba mahakama ruhusa, ushtaki kwa niaba ya mtoto."

"Tunaanzia wapi?"

"Kwanza tunawataka wakurugenzi washtaki wenyewe. Wakikataa, tunakwenda mahakamani. Ila tukishinda, mali inarudi kiwandani, haiji kwako. Na usiuze hisa. Ukiuza, huna tena kauli."

Rukia alifikiri kidogo. "Sisi Wamakonde, mtoto akidhulumiwa, mjomba wake husimama. Huyu hana mjomba. Nitasimama mimi."

Wakurugenzi walikataa. Kisha Hashimu akaja kwa Rukia, tabasamu hadi masikioni.

"Mama Nuru, niuzie hizo hisa. Shemeji atakupa kazi ya usimamizi."

Nyumbani walikuwa wakila muhogo mkavu asubuhi na jioni. Nuru, binti yake, alimvuta kanga. "Mama, kubali."

Rukia alimwonyesha Hashimu viganja vyake vyenye makovu. "Hii mikono imeungua kwa kazi. Haitaungua kwa haramu. Siuzi! Tutaonana mahakamani."

Mahakamani, wakili wa Hashimu alidai Rukia hahusiki. Felista akaeleza kwamba Rukia ana hisa za kampuni mama, na wakurugenzi walitakiwa kushtaki wakakataa. Jaji akatoa ruhusa, kesi ikasikilizwa, na mwishowe uuzaji ule ukafutwa. Wenye hisa wakaitisha mkutano, wakamwondoa Hashimu.

Mashine ziliporudi, wanawake walipiga vigelegele hadi barabarani. Mwajuma, aliyekuwa akibangua naye, akamuuliza, "Umehangaika kote huko, wewe mwenyewe umepata nini?"

Rukia alikuwa ameshaanza kupaka majivu.

"Nimepata pa kukaa," alisema, akiielekea mashine yake. "Hebu sogea."